Shajara ya mradi: kulifuata jina la Lacy kutoka Normandy hadi Limerick

14 Januari 2024: Kazi yenyewe

Mama mmoja jirani yetu hapa Leeds, Yorkshire, anatumia jina la baba yake, Lacey. Baba huyo alizaliwa wilaya ya Limerick, Ayalandi, akaja Uingereza kijana kufanya kazi ya ujenzi. Nyumbani kwao walikua wakiambiwa kwamba wao ni uzao wa makabaila wa Kinormani waliovuka bahari na William Mshindi mwaka 1066. Anajua nimehangaika miaka na nasaba ya upande wetu wa Tanga, ndiyo akaniomba nimsaidie kulipima jambo hilo kwa karatasi.

Nimekubali kwa ajili yake, na pia kwa sababu ukoo wa Lacy umeacha maandishi ya karibu miaka elfu, mengi yakisomeka bure mtandaoni. Anayetaka kujifunza kufuatilia ukoo kwa hati hapati uwanja mzuri kuliko huu. Naandika hatua kwa hatua ili mwenye jina jingine aweze kuiga.

Utaratibu: madaftari mawili. La kwanza linatoka Normandy kushuka. La pili linaanza kwa jirani na kupanda: baba, babu, baba wa babu. Hayaunganishwi mpaka ipatikane hati inayoyaunganisha.

3 Februari 2024: Kijiji cha Lassy

Chimbuko halina ubishi. Lassy ni kijiji cha Calvados, kusini-magharibi mwa Caen, na jina lake limewatangulia Wanormani kwa karne nyingi: lilikuwa shamba la mtu wa enzi za Warumi aliyeitwa Lascius. Wanormani walipolishika eneo hilo, walioimiliki Lassy wakaitwa kwa jina lake, “de Laci”. Msomaji wa pwani hatapata shida hapa, maana akina Shirazi na Hadhrami nao wanaitwa kwa mahali. Tofauti ni kwamba nisba ya kwetu inaeleza mtu alikotoka, ilhali hawa wameitwa kwa mahali walipopamiliki. Tofauti hiyo iandikwe kwa wino mzito, kwa sababu ndiyo iliyoamua mambo mengi yaliyofuata.

Lassy ilikuwa chini ya Askofu wa Bayeux. Wakati wa uvamizi, askofu alikuwa Odo, ndugu wa mama mmoja na William. Hapo ndipo inapoeleweka jinsi wenye kijiji kidogo namna ile walivyopata nchi kubwa ng'ambo: bwana wao alikuwa ndugu wa mfalme. Milki za askofu zilipokaguliwa mwaka 1133, Lassy na jirani yake Campeaux zilikuwa zimegawanywa baina ya matawi mawili ya ukoo, moja la Yorkshire na jingine la mpaka wa Wales. Mgawanyo huo ndio ushahidi mkubwa kwamba waanzilishi wa matawi hayo, Ilbert na Walter, walikuwa ndugu.

25 Februari 2024: Dai la 1066

Kitabu cha Domesday cha mwaka 1086, orodha ya ardhi na wenye ardhi iliyoandikwa kwa amri ya William, ambacho kipo mtandaoni bure pamoja na picha za kurasa zake, kina kichwa kinachosomeka *Terra Ilberti de Laci*, ardhi ya Ilbert de Laci. Chini yake vinafuata vijiji vya magharibi mwa Yorkshire, zaidi ya mia moja. Kwa upande wa Hereford na Shropshire yupo Roger, mwana wa Walter. Walter mwenyewe alikuwa ameshafariki mwaka 1085, baada ya kuanguka kutoka juu ya kanisa alilokuwa akilijenga mjini Hereford.

Kwa hiyo mwaka 1086 walikuwepo, tena wakubwa. Vita vya Hastings, vile ambavyo William alishinda mwaka 1066, ni jambo jingine. Watu ambao maandishi ya wakati ule yanathibitisha kwamba walipigana upande wa William hawazidi ishirini na ushei, na hakuna Lacy kati yao. Anayemtaja Lacy uwanjani ni mshairi Wace, aliyeandika karibu miaka mia baada ya vita. Zile orodha ndefu za “waliokuja na William” zilinakiliwa baadaye zaidi, na kila mnakili aliyekuwa na tajiri wa kumfurahisha aliongeza jina. Nimemweleza jirani hivyohivyo: kuvuka bahari ndiyo, Hastings haina shahidi wa wakati wake. Alisikitika kidogo, kisha akaniuliza Ilbert alikuwa na vijiji gani karibu na hapa. Kwa kweli ni vingi.

Ziara mbili fupi zimefuata. Abasia (nyumba ya watawa) ya Kirkstall, ndani ya Leeds kwetu, ilianzishwa na Henry de Lacy mwaka 1147. Watawa waliwekwa kwanza Barnoldswick, baridi na mvua vikawashinda, wakahamia Kirkstall mwaka 1152. Ngome ya Pontefract, iliyoanzishwa na Ilbert, ilibomolewa mwaka 1649 na mabaki yake yako wazi kwa watu, bila kiingilio. Gharama mpaka sasa: nauli ya treni.

30 Machi 2024: Utafutaji umekwama

Hapa ndipo muda mwingi ulipopotea, na ndipo mtu wa jina lolote atakapokwama.

Hati za zamani za Yorkshire zilichapishwa kwa wingi mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, na vitabu hivyo vimeskaniwa. Njia ya haraka ilikuwa kuandika “Lacy” kwenye kisanduku cha kutafuta na kukusanya kila kinachokuja. Matokeo yalikuwa takataka. Programu inayosoma maandishi kutoka kwenye picha haioni vizuri herufi zilizofifia, hivyo ililichanganya jina na “Lucy”. Na Lucy ni ukoo halisi wa Kinormani usiohusiana na huu: Richard de Lucy, aliyefariki mwaka 1179, alikuwa jaji mkuu wa Mfalme Henry II na ameshuhudia hati nyingi sana. Jedwali langu likaanza kuonyesha akina Lacy waliokuwa Essex na Kent mahakamani siku ambayo walipaswa kuwa Yorkshire.

Upande wa pili, hati nyingi zilizo za kweli hazikuonekana kabisa, kwa kuwa makarani wa Kilatini hawakuandika “Lacy”. Waliandika Laci, Lasci, Lascy, de Laceio, de Lasceio. Nikajaribu kutafuta kila neno linaloanza na “Las”. Wakajaa akina Lascelles, ukoo mwingine kabisa, ambao wapo Yorkshire mpaka leo kwenye jumba la Harewood, kaskazini mwa mji wetu.

Marekebisho yaliyofanya kazi ni kuacha kutafuta jina na kutafuta mahali. Andika Pontefract, au Tanshelf ambalo ndilo jina lililomo Domesday, au Kirkstall, Barnoldswick, Ludlow, Weobley. Majina ya vijiji nayo yana tahajia nyingi, lakini vijiji havihami. Ukishafika kwenye ukurasa, soma kwa macho yako. Ni kazi ya polepole, ila kila hati iliyopatikana hivyo imebaki mezani hadi leo, ilhali nyingi za ule utafutaji wa kwanza nimezifuta.

Gharama: mwezi mmoja wa uanachama kwenye tovuti ya kulipia ya nasaba, paundi 15, haukuleta chochote cha kabla ya mwaka 1500 ambacho hakipo bure kwingine. Vitabu viwili vya mitumba, paundi 41, vimeleta mengi.

18 Mei 2024: Jina moja, watu watatu

Ukoo huu ulipenda majina machache: Roger, Walter, Hugh, Gilbert, Robert, Henry. Programu ya kuchora mti wa ukoo iliona “Hugh de Lacy” wote ni mtu mmoja na kumpa maisha ya zaidi ya karne. Kwa kweli wako angalau watatu wakubwa. Wa kwanza alirithi nchi ya Hereford baada ya ndugu yake Roger kuasi na kufukuzwa mwaka 1096. Wa pili alikuwa bwana wa Meath huko Ayalandi, akauawa mwaka 1186. Wa tatu, mwana wa huyo wa pili, alipewa cheo cha Earl wa Ulster mwaka 1205.

Niliiacha programu na kurudi kwenye jedwali la kawaida. Safu zangu sasa ni hizi: ardhi inayozungumziwa, mtu kama alivyoandikwa, tarehe kama ilivyoandikwa, tarehe baada ya kugeuzwa, mashahidi. Safu ya mashahidi imesaidia kuliko nilivyotegemea. Hati ya zamani haina anwani wala umri wa mtu, ila ina majirani zake kumi waliosimama pale ikifungwa. Hugh anayezungukwa na watu wa Hereford hawezi kuwa yule anayezungukwa na watu wa Meath.

Tarehe nazo zinahitaji uangalifu. Uingereza ya wakati ule mwaka wa hesabu ulianza 25 Machi, na makarani wa serikali walihesabu kwa miaka ya mfalme. Henry de Lacy, Earl wa Lincoln, alifariki tarehe 5 Februari mwaka wa nne wa Edward II. Kwa hesabu ya wenyewe ulikuwa bado 1310, kwa hesabu yetu ni 1311. Ndiyo maana vitabu viwili vizuri vinaweza kutaja miaka miwili tofauti na vyote vikawa sahihi. Yeyote asiyeweka safu mbili za tarehe atamzika mtu kabla hajatia saini hati yake ya mwisho.

29 Juni 2024: Mwaka 1194

Hii ndiyo hatua iliyobadilisha mradi.

Tawi la Pontefract lilikwenda baba kwa mwana, na mara moja ndugu kwa ndugu, hadi Robert de Lacy aliyefariki mwaka 1193 bila mtoto. Urithi ukaenda kwa jamaa yake upande wa kike, bibi aliyeitwa Albreda de Lisours. Mwaka uliofuata Albreda alifunga makubaliano mbele ya mahakama ya mfalme na kuikabidhi nchi ya Pontefract kwa mjukuu wake Roger, mkuu wa majeshi wa Chester.

Roger huyu kwa baba hakuwa Lacy. Ukoo wa baba yake ulikuwa ukiitwa kwa majina ya baba: baba yake John fitz Richard, babu yake Richard fitz Eustace, na “fitz” hapo ni kama “bin”. Hati zake za mwanzo zinamwita Roger, mkuu wa majeshi wa Chester, basi. Baada ya 1194 karani anaanza kuandika *Rogerus de Lascy constabularius Cestrie*. Ukizipanga hati hizo kwa mfuatano, unaliona jina likiingia, na linaingia pamoja na ardhi. Hakuna sherehe iliyoandikwa, hakuna maelezo. Amepewa Pontefract, basi ameitwa Lacy.

Mwingereza ukimtajia Lacy, mara nyingi anawakumbuka hawa wa pili. Roger ndiye aliyeilinda ngome ya Château Gaillard huko Normandy alipozingirwa na mfalme wa Ufaransa mwaka 1203 hadi 1204. Mwanawe John alikuwa mmoja wa wale 25 waliowekwa kuisimamia Magna Carta, mkataba wa kumwekea mfalme mipaka, ya mwaka 1215, na mwaka 1232 akawa Earl wa Lincoln. Mjukuu wa John, Henry, ndiye yule wa Februari 1311, rafiki wa karibu wa Edward I na mjenzi wa ngome ya Denbigh huko Wales. Henry aliacha binti, Alice. Aliolewa na Thomas wa Lancaster, binamu wa mfalme, ambaye alikatwa kichwa Pontefract mwaka 1322, karibu na ngome aliyoipata kwa mkewe. Alice alifariki mwaka 1348 bila mtoto. Nchi ikaingia katika milki ya Lancaster, na tangu mwaka 1399 milki hiyo ni ya mfalme au malkia wa Uingereza. Jina liliiacha ardhi, ardhi ikapata wenyewe wengine.

Matokeo kwa mradi: daftari la kwanza limepangwa upya lote. Mwanzo lilikuwa na kurasa kwa kila mtu. Sasa lina kurasa kwa kila ardhi, na watu wanapita ndani yake. Wakati huohuo limeondoa gharama moja. Jirani alitaka kaka yake apime vinasaba vya upande wa kiumeni, vile vinavyotoka kwa baba kwenda kwa mwana tu. Lakini vilinganishwe na nani? Tawi la Pontefract liliendelea baada ya 1193 kwa damu ya kiume ya Chester. Tawi kubwa la Meath liliishia kwa wasichana, kama nitakavyoeleza. Kipimo kingeweza kumtafutia ndugu wa karne chache zilizopita, lakini kumuunganisha na Ilbert hakingeweza. Tumekiacha.

10 Agosti 2024: Simba wa zambarau

Jirani ana karatasi ya fremu ukutani: “nembo ya ukoo wa Lacey”, simba wa zambarau kwenye dhahabu. Aliinunua kwa paundi 35 kwenye duka la zawadi. Ameniruhusu niieleze hapa kwa sababu watu wengi wameuziwa kitu kama hicho.

Simba huyo ni wa kweli, na alikuwa wa Henry, Earl wa Lincoln. Shairi la Kifaransa la mwaka 1300 kuhusu kuzingirwa kwa ngome ya Caerlaverock linaitaja bendera yake ya hariri ya manjano yenye simba wa zambarau. Kwa hiyo ni nembo ya wale wa Chester waliolipata jina mwaka 1194. Tawi la Meath, ambalo ndilo pekee linaloweza kuwahusu watu wa Limerick, lilikuwa na ngao ya dhahabu yenye mshipi mwekundu katikati. Tena kwa sheria ya Uingereza nembo hupewa mtu na kurithiwa na uzao wake. Hakuna nembo ya jina. Mwenye kutaka kuitumia athibitishe nasaba kwanza, na nasaba hiyo ndiyo tunayoitafuta. Fremu imebaki ukutani, ni nzuri kuitazama. Nyuma yake ameandika kwa kalamu jina la Henry na mwaka.

5 Oktoba 2024: Ayalandi, daftari la kwanza

Hugh de Lacy alivuka kwenda Ayalandi na Mfalme Henry II mwaka 1171. Mwaka 1172 alipewa nchi yote ya Meath kwa sharti la kutoa askari wa farasi 50. Maneno ya hati yanasema aishike kama alivyoishika Murchadh Ua Maelsechlainn, mfalme wa pale wa zamani. Yaani mipaka haikupimwa upya: Mnormani alivaa kanzu ya mfalme wa Kiayalandi kama ilivyokatwa. Akaanza ngome ya Trim, akamwoa Rose, binti wa Ruaidrí Ua Conchobair, mfalme wa Connacht, bila ruhusa ya Henry, na Henry akaingiwa na hofu kwamba mtu wake anajitafutia ufalme. Tarehe 25 Julai 1186, akikagua ujenzi wa ngome ya Durrow penye monasteri ya kale, kijana wa Kiayalandi alitoa shoka alilolificha na kumkata kichwa. Watawa wa Bective wakaja kuzika mwili, watawa wa Mtakatifu Thomas wa Dublin wakachukua kichwa, na kesi ya nani amiliki maiti yote ikaendelea hadi mwaka 1205, Dublin waliposhinda. Kesi hiyo imenifaa: waliobishana waliandika, na waliyoyaandika yanatoa mashahidi na tarehe.

Mwanawe Walter alifariki mwaka 1241, kipofu, na mwanawe wa kumrithi alikuwa ameshatangulia. Meath ikagawanywa kwa wajukuu wawili wa kike, Margaret na Maud. Trim ikaenda na mume wa Maud, Geoffrey de Geneville. Yule Hugh wa Ulster alifukuzwa na Mfalme John mwaka 1210, akaenda kupigana kusini mwa Ufaransa, akarudishiwa nchi mwaka 1227, akafariki bila mwana wa kuirithi.

Miaka 70 tu tangu kupewa Meath, wakubwa wa jina wameisha. Hata hivyo akina Lacy wadogo waliendelea, na kufikia karne ya 16 walikuwa na ardhi Limerick, kusini-magharibi kabisa, maeneo ya Bruff na Bruree. Walikuwa Wakatoliki, wakizungumza Kiayalandi, na kwa lugha hiyo jina lao ni de Léis. Miti ya nasaba iliyochorwa baadaye inawaunganisha na Hugh wa Meath kupitia William aliyepewa lakabu Gorm, mwana wa Hugh na Rose, aliyeuawa mwaka 1233. Nimeisoma miti hiyo kwa makini. Mingi ya aina hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya maofisa wa Kiayalandi waliohamia Ulaya, kwa kuwa jeshi la Hispania au Austria lilitaka uthibitisho wa uungwana kabla ya kupandisha cheo. Mchoraji alilipwa kufikisha mstari juu, akaufikisha. Katika daftari langu William Gorm yumo, ila mstari kutoka kwake kwenda Limerick ni wa penseli.

Tahadhari moja kwa atakayefuata njia hii: wengi wa Wexford wenye jina Lacy au Leacy wana asili nyingine, ya Kigaeli, Ó Laitheasa, lililobadilishwa tahajia enzi za utawala wa Kiingereza. Si kila Lacy wa Ayalandi ni Mnormani. Nimelazimika kuiondoa familia nzima ya Wexford niliyokuwa nimeshaichora.

11 Januari 2025: Daftari la pili linapanda

Hatua za kawaida kwa ufupi: sensa za 1901 na 1911 za Ayalandi ni bure mtandaoni. Vizazi, ndoa na vifo vya serikali tangu 1864 ni bure pia. Vitabu vya ubatizo vya Kanisa Katoliki vilivyopigwa picha na Maktaba ya Taifa ya Ayalandi viko wazi tangu 2015. Thamani ya mashamba ya Griffith, ya katikati ya karne ya 19, ni bure. Babu wa jirani amepatikana mwaka 1911 akiwa mtoto, na baba wa babu kwenye daftari la vizazi.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa umri. Mama mkubwa wa nyumba ile alikuwa na miaka 58 kwenye sensa ya 1901, na miaka 72 kwenye ile ya 1911. Nilidhani ni watu wawili na nikapoteza wiki nikimtafuta wa pili. Jibu liko kwenye pensheni: kuanzia Januari 1909 mzee wa miaka 70 alianza kulipwa, na wazee wasio na cheti cha kuzaliwa walijikumbuka upya. Jambo hili lilitokea Ayalandi nzima. Tangu hapo, kwa waliozaliwa kabla ya 1864, nauamini umri wa 1901 na kuukagua ule wa 1911.

Kikwazo cha pili ni kikubwa zaidi. Tarehe 30 Juni 1922, mwanzoni mwa vita vya wenyewe kwa wenyewe, hifadhi ya nyaraka za taifa ndani ya Four Courts, Dublin, iliteketea. Zilikwenda sensa za 1821 hadi 1851 karibu zote, wosia za karne kadhaa, na sehemu kubwa ya vitabu vya kanisa la Kianglikana. Sensa za 1861 hadi 1891 serikali ilikuwa imeshaziharibu yenyewe. Vitabu vya Wakatoliki vilinusurika kwa kuwa vilikuwa parokiani. Tangu Juni 2022 ipo hazina ya mtandaoni inayokusanya nakala na mihtasari iliyofanywa kabla ya moto, bure kwa wote. Kwa karne ya 13 imenipa mengi. Kwa mkulima wa Limerick wa mwaka 1780 haijanipa kitu.

Vitabu vya zaka vya miaka ya 1820 na 1830 vimebaki, na hapo yupo: Lacy mpangaji wa shamba dogo, kwenye kitongoji kilekile ambapo Griffith anamkuta mwanawe. Ubatizo wa mwana huyo umeandikwa kwa Kilatini na mwandiko wa haraka. Jina la ukoo limeandikwa “Leacy”, na lisingetambulika kama nisingekuwa nalitafuta kwa kitongoji.

22 Machi 2025: Waliokwenda mbali

Tawi la maofisa nimeliweka kwa sababu lina tarehe za uhakika za Limerick. Peter Lacy alizaliwa Killeedy mwaka 1678. Akiwa mtoto wa miaka 13 alikuwemo Limerick ilipojisalimisha Oktoba 1691, akaondoka na askari wa Kikatoliki kwenda Ufaransa, kisha Urusi. Alipigana Poltava mwaka 1709, akawa field marshal (jemadari wa cheo cha juu kabisa) wa Urusi, akafariki mwaka 1751 mjini Riga alikokuwa gavana. Mwanawe Franz Moritz, aliyezaliwa St Petersburg mwaka 1725, alikuwa field marshal wa Austria. Luis de Lacy, aliyezaliwa San Roque mwaka 1772, alikuwa jenerali wa Hispania, akapigwa risasi ngomeni Bellver, Mallorca, mwaka 1817 kwa kuasi dhidi ya Mfalme Ferdinand VII.

Jirani alitumaini yuko ndugu wa hawa. Kwa karatasi zilizopo, kinachowaunganisha naye ni wilaya, basi. Nimeliandika hivyo kwenye daftari lake, na hakubisha.

7 Juni 2025: Hali ilivyo na gharama

Daftari la kwanza limefika Limerick, 1691. Daftari la pili limefika Limerick, miaka ya 1820. Katikati kuna pengo la miaka 130 hivi, na ndilo pengo la sheria zilizowazuia Wakatoliki kununua ardhi au kukodi kwa muda mrefu. Wasio na ardhi waliandikwa mara chache.

Matumizi yote: vitabu paundi 41, uanachama paundi 15, nauli za treni karibu paundi 60, nakala mbili za vyeti paundi 20. Sikwenda Ayalandi. Kama ningeanza leo, uanachama nisingelipa.

Kilichobaki ni Ofisi ya Usajili wa Hati ya Dublin, iliyoanzishwa mwaka 1708. Vitabu vyake havikuwamo kwenye moto wa 1922. Watu hufungua faharasa ya majina. Ninaanza na ile ya ardhi, Limerick, kwa kitongoji cha yule mpangaji na vitongoji vinavyopakana nacho. Hata kama hakuna Lacy aliyesaini, mwenye shamba mkubwa akiuza au kukodisha, mara nyingine karani aliorodhesha wapangaji waliokaa humo. Kurasa za picha ni za miandiko ya karne ya 18, na nasoma kurasa chache kila Jumamosi. Ingizo lijalo litawekwa nikimaliza juzuu za mwanzo za Limerick.